Santuri za kutolewa kwanza zichaguliwe kabla ya hatari

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo siku hizi linagusa nyumba chache, lakini linahusu kumbukumbu ya visiwa vizima. Nazungumzia santuri, yaani sahani za muziki za gramafoni, zilizobakia majumbani mwetu, Unguja na Pemba, na zipi kati ya hizo zitolewe kwanza siku nyumba itakaposhika moto, itakapoingia maji au itakapoanza kuporomoka. Suala hili tumelizungumza sana barazani kwetu tangu mvua za masika zilipoanza kutajwa katika taarifa za hali ya hewa, na karibu kila aliyejibu alitaja santuri anayoipenda kuliko zote. Jibu hilo linatoka moyoni na nalielewa, lakini silikubali. Santuri ya kutolewa kwanza ni ile ambayo ikipotea hapa haipatikani pengine, na kuichagua ni kazi ya siku ya utulivu, kwa sababu siku ya hatari hakuna mtu anayesimama kusoma lebo.

Kwanza niseme wazi kwamba sizungumzii santuri mbele ya roho za watu. Watoto, wazee na wagonjwa ndio wa kutolewa mwanzo, kisha vyeti na hati za nyumba, na mtu yeyote aliyekwisha kutoka katika nyumba inayowaka asirudi ndani kwa ajili ya sahani, hata iwe ya mwimbaji Siti binti Saad mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya nishikilie kwamba uchaguzi ufanyike mapema na sanduku liwekwe njiani. Mtu anayejua kwamba alichotaka kukiokoa kimo mkononi mwake au kimeshampita, hashawishiki kugeuka nyuma.

Wako watakaosema kwamba natabiri mabaya. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zimebanana katika vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliingii, na nyaya za umeme zimetandazwa juu ya kuta zilizokuwepo kabla ya umeme wenyewe. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na watu wakapoteza maisha, na hilo ni jumba lililokuwa linafanyiwa ukarabati mchana kweupe, mbele ya macho ya mafundi. Upande wa Ng'ambo tabu yetu ni maji: anayekaa Mwanakwerekwe au Sebleni hahitaji kuelezwa masika yakizidi huwa vipi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia mwambao wetu, boti zilisimamishwa na watu wakakaa wakisubiri. Na historia inatwambia kuwa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu shamba kwa shamba. Hatari ipo, na kwa hivyo busara ni kuamua kabla haijafika.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo maamuzi mengi yanapoharibika. Santuri moja kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika, pamoja na jalada lake, ina uzito wa kiasi cha gramu 200 hadi 250. Mia moja kati ya hizo zinakaribia mfuko wa mchele wa kilo 25, na mfuko huo una mahali pa kushika, wakati rundo la santuri halina. Mzee wa miaka sabini hawezi kushuka na mzigo kama huo kwenye ngazi za mbao zenye giza na moshi. Kinachobebeka na mtu mmoja kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika mtoto au ukuta, ni santuri ishirini hivi. Kwa hivyo mwenye santuri mia tatu hana budi kukubali leo kwamba kwa siku hiyo moja yeye ni mtu wa santuri ishirini, na azijue ni zipi.

Nimeona watu wakishindwa hapa kwa sababu ya mapenzi. Katika nyumba zetu nyingi sehemu kubwa ya rundo ni nyimbo za Misri na za filamu za Kihindi, na si ajabu, kwani mji huu umekuwa ukisikiliza Cairo na Bombay kwa muda mrefu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni, ala ya nyuzi, na kutoka hapo ukaja mkondo uliotufikisha kwenye kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905. Mtu aliyelelewa na sauti ya Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, ataona ni dhambi kumwacha ndani ya nyumba. Lakini Umm Kulthum ana walinzi. Nyimbo zake zimechapwa na kuchapwa tena, zimo redioni, zimo kwenye simu za vijana, na nchi nzima ya Misri inamtunza. Sahani yake ikiungua Mkunazini, sauti yake haipungui duniani hata kidogo. Kadhalika nyimbo za filamu za Bombay, na kadhalika santuri za Marekani na Uingereza ambazo baadhi ya watu wanazithamini kwa sababu wamesikia kwamba Ulaya zinauzwa ghali. Bei kubwa haina maana ya uchache. Mara nyingi bei hupanda kwa sababu wanaoitaka ni wengi, na kitu kinachotakiwa na wengi hakikosi mtu wa kukihifadhi.

Sasa mtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba kwenye miaka ya 1880, akakulia katika kazi ya kufinyanga vyungu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay pamoja na wenzake, miongoni mwao Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Budda Swedi na Maalim Shaaban, wakaimba na kupiga mbele ya mashine za kampuni ya Gramophone, iliyotoa santuri zao kwa nembo ya His Master's Voice, ile yenye mbwa anayesikiliza pembe. Taarab iliyokuwa imezoeleka kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, yeye aliiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za mji, za kesi na za dhuluma, na watu wa Afrika Mashariki wakanunua. Alifariki mwaka 1950. Sauti yake tunayoijua leo inatoka katika sahani zilizonusurika, kwani wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya kuihifadhi. Kila sahani yake iliyopo katika kabati la mtu hapa Zanzibar inaweza kuwa ndiyo yenye upande uliosikika vizuri zaidi, au ndiyo yenye wimbo ambao nakala yake nyingine imeshavunjika. Kwa hiyo, ukinambia nichague baina ya sahani moja yenye mikwaruzo ya msanii wa zama za Siti na santuri kumi safi za Cairo, sitafikiri mara mbili.

Na hizo sahani za mizunguko 78 zina udhaifu ambao vijana hawaujui. Wengi wanadhani santuri zote ni plastiki. Santuri kubwa za mizunguko 33, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na ndogo za mizunguko 45 zilizofuata mwaka 1949, hizo ni plastiki ya vinaili, zinaweza kudondoka na zikabaki nzima. Sahani za zamani zilitengenezwa kwa utomvu unaotolewa na mdudu wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe, na kwa kweli sehemu kubwa ya sahani ni huo unga. Ikianguka sakafuni inapasuka. Ikilazwa chini ya rundo inapata ufa usioonekana mpaka sindano iupite na ugonge. Utomvu huo ulikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1942, vita vilipofunga njia za Asia, Wamarekani waliombwa watoe sahani zao kuukuu zikasagwe na kutengenezwa nyingine. Nyimbo zilizopotea kwa njia hiyo hazihesabiki, na ziliharibiwa na watu waliozipenda, kwa sababu tu hakuna aliyekaa kuzichambua kwanza.

Yapo pia yaliyo adimu kupita hata Siti, na hapa ndipo ningependa wasomaji wanisikilize kwa makini zaidi, hasa wale ambao wazee wao walifanya kazi redioni, au walikuwa viongozi wa vikundi, au walikuwa na uwezo wa kuita fundi wa kunasa sauti katika harusi. Kabla ukanda wa sumaku haujaenea, redio nyingi duniani zilinasa sauti kwenye sahani za laka. Hizi hazikuchapwa kiwandani kwa mamia. Mwimbaji aliimba mbele ya maikrofoni, na pale pale sindano ikachonga mfereji juu ya sahani ya alumini iliyopakwa laka nyeusi. Moja tu. Sahani hiyo haina ndugu popote, wala hakuna kampuni Bombay au London yenye chapa yake.

Kuitambua si kazi ngumu. Ishike pembeni kwa viganja viwili, bila kugusa uso wake, uigeuze kwenye mwanga wa dirisha. Ni nyeusi na inang'aa kuliko santuri ya kawaida, na ukitazama ukingo wake, au ndani ya tundu la kati, utaona mstari mwembamba wa chuma mahali laka ilipochubuka. Karibu na tundu la kati mara nyingi huwa na tundu jingine dogo, au mawili au matatu, yaliyokuwa yakiishika isiteleze wakati wa kuchongwa. Mara nyingine yamefichwa na karatasi, na ukipapasa lebo kwa ncha ya kidole utayahisi. Lebo yenyewe imeandikwa kwa mkono au kwa taipu, pengine jina la mwimbaji na tarehe tu. Ukiona juu yake unga mweupe wenye utelezi kama mafuta, usidhani ni vumbi la nyumba. Hayo ni mafuta ya mbarika yaliyochanganywa katika laka, nayo yameanza kuchakaa na kujitokeza nje. Laka hunywea kadiri miaka inavyopita, alumini hainywei, na mwisho wake laka hupasuka na kubanduka kama chokaa ya ukuta uliolowa. Ikishafika hapo hakuna fundi awezaye kuirudisha. Zipo hata ambazo ndani yake si alumini bali kioo, kwa sababu wakati wa vita alumini ilikwenda kutengeneza ndege, na hizo zinahitaji mikono ya uangalifu mkubwa kuliko zote.

Mwenye sahani ya namna hii namsihi asiipige kwenye gramafoni ya nyumbani hata mara moja. Sindano nzito ya zamani inaichimba laka, na kila ikipigwa sauti inapungua. Aiweke peke yake ndani ya bahasha safi, aiandike kwa penseli juu ya bahasha, na aifanye kuwa ya kwanza katika sanduku la kutoka nalo. Kama nyumba ina sahani moja tu ya laka na mwenyewe hana nguvu za kubeba kitu kingine chochote, basi abebe hiyo.

Baada ya hizo na sahani za Kiswahili za mizunguko 78, ningeweka zile ndogo za mizunguko 45 zilizotolewa na maduka na kampuni ndogo za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970. Watu wanazidharau kwa sababu ni za plastiki, ni nyepesi, na wengine tuliwahi kuziona zimetupwa jaani. Ukweli ni kwamba kampuni hizo nyingi zilifungwa, kanda zao za asili hazijulikani zilipo, na nyimbo nyingine hazijawahi kutolewa tena kwa namna yoyote. Wepesi wake ndio faida yake: kumi kati yao hazishindi uzito wa santuri kubwa chache. Santuri kubwa za karibuni zaidi, ambazo zilitolewa Ulaya kuanzia miaka ya 1980 zikiwa na taarab yetu, ni nzuri na zinastahili heshima, lakini zimekwisha kuenea, kwa hivyo zibaki.

Nitaeleza kisa kimoja. Ami yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa na chumba kizima cha santuri katika nyumba ya ghorofa mbili kule Malindi. Usiku mmoja moto ulianzia kwenye nyumba ya pili, moshi ukajaa kichochoroni, nasi vijana wa nyumbani tukakimbilia juu. Mmoja wetu akauliza, "Ami, tutoe zipi?" Yeye alikuwa ameshamshika mkono bibi yetu anateremka naye, wala hakusimama. Akasema, "Chukueni kisanduku kilicho nyuma ya mlango, hizo nyingine wanazo wenyewe huko zilikotoka." Kisanduku kile kilikuwa cha mbao, kina kamba pande mbili, na kijana wa miaka kumi na mitano alikibeba bila kupumzika. Moto ulizimwa kabla haujavuka ukuta, na hakuna kilichoungua kwetu. Tulipokifungua baadaye hatukukuta santuri hata moja ya Umm Kulthum, ambaye Ami alikuwa akimsikiliza kila alasiri. Zilikuwemo sahani za Kiswahili, kila moja na bahasha yake, na daftari la skuli ambalo ndani yake aliandika santuri zote za chumba kile: jina, upande wa kwanza, upande wa pili, na namba iliyochongwa kwenye sahani karibu na lebo. Nimesikia watu wakimsifu Ami kwa ukubwa wa mkusanyo wake. Mimi namsifu kwa kile kisanduku na lile daftari.

Daftari ni muhimu sawa na sahani. Namba ile iliyochongwa ndiyo inayomwezesha mtaalamu kujua wimbo ulinaswa lini na wapi, na iwapo nakala nyingine ipo, hata kama lebo imeng'oka. Siku hizi kila nyumba ina simu yenye kamera. Piga picha lebo za pande zote mbili, na mfereji wa ndani pale penye namba, kisha mtumie picha hizo jamaa aliye mbali, awe Pemba, Dar es Salaam au Maskati. Picha haiimbi, lakini sahani ikipotea angalau itajulikana kwamba ilikuwepo, na mtu ataweza kuitafuta.

Kuhusu mahali pa kuweka, ningeshauri sanduku gumu la mbao au plastiki lenye mipini, na sahani zisimamishwe wima ndani yake, zimebanana kiasi cha kutocheza. Kikapu cha ukili kinajipinda, na sahani ya unga wa mawe haistahamili kupindwa. Katika nyumba za mawe usiliegemeze kwenye ukuta wa nje, kwa sababu kuta zile hunywa unyevu na kutoa chumvi, na majalada hushika ukungu; ukuta wa ndani, karibu na mlango, ndio salama zaidi. Katika nyumba za mabondeni usiliweke sakafuni. Angalia mchwa, kwani hawali plastiki lakini karatasi ya jalada ni chakula chao. Na usiliache ndani ya gari lililosimama juani, hata kwa muda mfupi, maana vinaili huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hadi 70 na sahani iliyojipinda hainyooki tena. Wapo waliookoa santuri zao kutoka kwenye maji wakaja wakazipoteza kwa kuzianika.

Hilo la kuanika nalirudia, kwa sababu ndilo kosa linalofanywa zaidi baada ya mafuriko. Vinaili iliyolowa maji machafu haijafa. Itoe kwenye jalada kabla karatasi haijagandana nayo, isuuze kwa maji safi yanayotiririka bila kuisugua, maana mchanga ulioko kwenye tope ndio unaokwaruza, kisha isimamishe kivulini penye upepo. Sahani za mizunguko 78 nazo zisuuzwe upesi, zisiachwe zikalala majini, wala mtu asithubutu kuzifuta kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha utomvu wake na utaona weusi unabaki kwenye kitambaa. Sahani za laka zisiguswe na mtu asiye fundi.

Natarajia kuulizwa kwa nini tujitaabishe na masanduku wakati sauti zinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta. Nakubali kabisa kwamba zihamishwe, na zihamishwe vizuri: kwa sindano inayofaa, maana mfereji wa sahani ya mizunguko 78 ni mpana kama mara tatu ya ule wa santuri kubwa, na kwa kiwango kinachopendekezwa na wahifadhi wa sauti duniani, yaani biti 24 na kilohezi 96, badala ya kuishikia simu mbele ya spika. Lakini sahani haiachi kuwa na thamani baada ya kunakiliwa. Mashine za kesho zitasoma mfereji vizuri zaidi ya hizi za leo, na watakaokuja watataka kurudi kwenye asili. Wala tusidhani kwamba wakubwa wa dunia hawapotezi. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka katika studio za Universal, California, ukateketeza ghala lililokuwa na kanda za asili za muziki, na umma haukujua ukubwa wa hasara hiyo mpaka mwaka 2019 gazeti la New York Times lilipoandika. Kama kampuni tajiri yenye walinzi na mabomba ya maji iliweza kupoteza vile, sisi wenye kabati moja chini ya dari linalovuja tuna kila sababu ya kujiandaa.

Ninalo ombi kwa Serikali yetu pia. Hati za Kiarabu zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, ziliingizwa mwaka 2003 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na hiyo ni fahari ya kila Mzanzibari. Naomba sauti ipewe hadhi kama ya karatasi. Sitaki watu walazimishwe kukabidhi mali za wazee wao, kwani najua wengi wangezificha. Ningependa iwepo orodha moja, ya hiari, ambapo mwenye santuri za Kiswahili anaandikisha alichonacho huku kikibaki nyumbani kwake, na ambapo mwenye sahani ya laka anaweza kuletewa fundi badala ya kuambiwa aisafirishe. Kwa ndugu zetu wa Wete, Chake Chake na Mkoani jambo hili lina uzito zaidi, maana sahani tete kuivusha bahari ndani ya boti iliyojaa mizigo ni kuitia katika hatari ile ile tunayotaka kuikimbia. Fundi mmoja mwenye mashine moja akikaa Pemba wiki chache kabla ya masika, atafanya kazi ambayo miaka kumi ya semina haitaifanya.

Vilabu vyetu navyo vina wajibu. Nadi Ikhwan Safaa imeshavuka miaka mia moja, na Culture Musical Club ipo tangu 1958. Wanachama wao wakongwe wanajua sauti ya nani ni ya nani hata pale lebo imefutika, na elimu hiyo haipo katika kitabu chochote. Mtu wa umri wa miaka themanini akikaa alasiri moja na kijana mwenye daftari, wakapitia sahani za nyumba moja, watakuwa wameamua zipi za kutoka kwanza kwa uhakika kuliko mimi na wewe tukikisia peke yetu.

Mwisho, Bwana Mhariri, naliomba gazeti lako litenge nafasi ndogo, kabla mvua hazijashika, ili wasomaji wenye sahani za laka au za Kiswahili za mizunguko 78 waandike majina ya waimbaji na namba zilizochongwa, bila kutaja majina yao wala mitaa wanayoishi, kwa usalama wa mali zao. Mimi niko tayari kuanza na yaliyoandikwa katika daftari la Ami yangu, na nitayaleta ofisini kwenu siku mtakayoniambia.

Wako msomaji,
Mpenda santuri,
Mkunazini, Unguja.